Vichupa Vinne Kabatini

Moshi Mjini,
Jumapili mchana.

Kwako Baba Rehema,

Salamu zangu zikukute umekaa na viatu umeshavua, maana najua barua zangu huzisoma umesimama mlangoni hapo shuleni, kengele ikilia unaikunja kabla hujamaliza. Hii isome nyumbani. Hali yako? Mgongo umetulia? Mama anaendeleaje na macho yake, na ile dawa ya matone niliyomtumia ilifika? Rehema na Yohana hawajambo? Mimi mwili wangu ni mzima. Nimechoka tu, uchovu ambao nikilala naamka nao. Tangu masika nimekuwa nikikuandikia barua fupi za "huku kwema", na leo nimeona niache hiyo tabia.

Uliniandikia kwamba Rehema akiulizwa na wenzake mama yake anafanya kazi gani hukosa la kujibu. Mwambie hivi: mama ni muuguzi; yeye na mwenzake Bwana Elisante, tabibu wa huku huku, wana ofisi ya vyumba viwili nyuma ya bohari la zamani la kahawa. Hatulazi wagonjwa. Tunawafundisha wauguzi wa zahanati, viongozi wa vijiji na wazee wa kanisa namna ya kumtambua na kumtunza mtu aliyeugua akili, na mahali wakituita kwa ushauri tunakwenda. Mwezi wa juzi tulikuwa Mabogini kwa watu wa mpunga, na kabla yake kwenye mashamba ya miwa. Landrova tunayo, petroli hatuna, kwa hiyo ni basi na miguu. Sabuni ya kufulia gauni la kazi nimeipata mara mbili tu tangu Pasaka. Lakini hayo ni ya kila mtu, sikuandikii kwa ajili ya hayo.

Nakuandikia habari ya mtu mmoja aitwaye Anaeli.

Mwaka jana Dada Ruth, muuguzi wa zahanati moja huko juu ya Himo, ambaye tulimfundisha wenyewe, alituita tukamwone. Ni seremala wa makamo, aliyeanza kusikia sauti miaka mingi iliyopita. Kaka yake, Mzee Barnaba, alikuwa amemtia kwenye mkatale: gogo zito lililotobolewa, mguu wa kushoto umepitishwa tunduni na kupigiliwa kabari usitoke. Alikaa hivyo kibandani, nyuma ya zizi, ndani ya migomba. Usimdhanie vibaya Mzee Barnaba. Ni mzee wa kanisa na mtu wa haki, na kila siku alimlisha mdogo wake mtori wa ndizi kwa mkono wake mwenyewe. Alimfunga kwa sababu Anaeli aliwahi kupotelea kwenye msitu wa mlima siku sita, wakamkuta baridi imebakiza kidogo kumuua. Njia nyingine hakuijua, na hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Sisi tukamwonyesha. Tulimwanzishia Anaeli sindano ya kila mwezi, na baada ya miezi michache zile sauti zikawa mbali, akasema, kama watu wanaoongea ng'ambo ya mto. Ndipo mimi mwenyewe, mbele ya mama yao mzee, nilipomwambia Mzee Barnaba amfungue. Akaniuliza dawa ikikosekana itakuwaje. Nikamwambia haitakosekana, naahidi. Akagonga kabari ikatoka. Kidonda cha kifundo kikapona, kikaacha kovu lililozunguka mguu kama bangili. Anaeli akarudi kwenye randa yake, na benchi la kwanza alilotengeneza akaipa zahanati. Nilikaa kwenye benchi lile, Baba Rehema, nikajiona nimefanya kitu duniani.

Kisha dawa zikaadimika. Sukari na vitenge vya magendo vinapita Himo kutoka Kenya kama mpaka haujafungwa, lakini sindano ya mgonjwa wa akili hakuna mlanguzi anayeitaka. Bwana Elisante akawa anazunguka hospitali hadi hospitali akiomba. Siku moja Dada Ruth akaniletea kikaratasi kupitia kondakta wa basi. Aliandika kwamba sindano ya Anaeli imechelewa wiki mbili, ameanza kuongea peke yake na halali. Je, ninayo hata moja?

Nilikuwa nazo nne.

Zilikuwa kabatini na ufunguo nilikuwa nao mimi. Tulikuwa tumeambiwa wageni watakuja kutoka wizarani kukagua mafunzo yetu, nami niliogopa wakikuta kabati tupu watasema hawa watu wanafundisha maneno matupu, waifunge ofisi. Nilijiambia shehena itafika wiki ile ile. Nikamjibu Ruth avumilie kidogo. Bwana Elisante sikumwambia. Yeye alidhani hatuna hata moja, na jioni alikuwa anarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, mikono mitupu, nami namtilia chai.

Shehena haikuja. Baada ya siku kumi, asubuhi na mapema, Anaeli alichukua panga akaingia kwenye kahawa ya kaka yake, akafyeka mistari miwili ya mibuni. Alisema ilikuwa inamsengenya. Mzee Barnaba alipojaribu kumnyang'anya panga, akamkata mkono. Si kwa kukusudia, wote wanasema hivyo, hata Mzee Barnaba. Lakini mkono ulikatika mshipa na vidole viwili havikunjiki tena.

Habari iliponifikia nilipeleka sindano zote nne siku ile ile, moja ya Anaeli na tatu za wagonjwa wengine wa Ruth waliokuwa wakisubiri. Bwana Elisante akauliza nimezipata wapi. Nikamwambia nimepewa na rafiki yangu wa hospitalini. Uongo ule ulitoka mdomoni laini kabisa, hata mimi nilishangaa.

Ukoo ukatuita Jumapili iliyofuata, baada ya ibada. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshasema kukata kahawa ni kosa la kupelekwa polisi, ila atawaachia wenyewe waamue kwanza. Tulipokuwa tunapanda kutoka Himo, Bwana Elisante aliingia kwenye shamba la migomba la mtu anayemfahamu, kihamba kama wanavyoliita, akakata jani la sale. Aliniambia kwa Wachagga mtu akija na jani lile amekuja kuomba radhi, na hafukuzwi. Nikamuuliza tunaomba radhi ya nini. Akasema tuliahidi, na hali ya nchi imetushinda. Hapo ndipo pa kumwambia. Njia ilikuwa ndefu na tulikuwa wawili tu. Sikumwambia.

Watu walikuwa wamejaa barazani kwa Mzee Barnaba. Mbege, pombe yao ya ndizi, ilikuwapo na hakuna aliyeigusa. Lile gogo lilikuwa limetolewa kibandani, limeoshwa, limewekwa kizingitini. Anaeli alikuwa ameketi chini karibu nalo, amefungwa mikono kwa kipande cha khanga. Sindano ilikuwa imeanza kumrudisha, macho yake yalikuwa yanatazama watu. Walizungumza kwa Kichagga na Bwana Elisante akaninong'oneza yanayosemwa. Kisha yeye akasimama kutusemea. Alisema vizuri, kama anavyosema siku zote. Alisema dawa haipo nchini, madaktari wanalia kama wazazi wanavyolia, hapa hakuna wa kulaumiwa. Nikamwona Mzee Barnaba anatikisa kichwa taratibu, anakubali. Alikuwa anatusamehe jambo ambalo silo.

Nikasimama. 

"Dawa ilikuwapo," nilisema. "Ilikuwa kabatini kwangu. Niliiweka kwa ajili ya wageni."

Nilisema kwa Kiswahili, na hapakuwa na haja ya mtu kutafsiri. Bwana Elisante alikaa chini. Mzee Barnaba aliutazama mkono wake wenye bendeji, kisha akanitazama mimi.

"Hao wageni walikuja?"

"Hawakuja."

Baba mdogo wao mmoja akasema basi shauri limekwisha, watu wa mjini kazi yao maneno, mgonjwa ni wa ukoo na ukoo utamtunza unavyojua. Wanaume wawili wakainuka kulishika gogo.  Ningewazuia kwa haki gani? Ndipo Anaeli, ambaye tangu tufike hakuwa amefungua mdomo, akaunyoosha mguu mbele yao, akasema kwa upole, kama mtu anayewaelekeza wageni njia:

"Fungeni huu wa kushoto. Huu ulishazoea."

Wale wanaume walisimama na gogo mikononi. Mama yao mzee akajifunika uso kwa khanga. Mzee Barnaba aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, na tukamsikia anakata majani ya ng'ombe kwa ule mkono mmoja, pole pole, muda mrefu sana. Hakuna aliyemfuata. Aliporudi hakuketi.

"Sista," aliniambia, "utakuja wewe mwenyewe. Usimtume Ruth, usimtume mwingine. Kila sindano, mpaka mwaka kesho kahawa ichumwe. Ukikosa mara moja nitamfunga, na wewe ndiye utakayenishikia kabari."

Nikasema nimekubali. Nikampa lile jani, naye akalipokea kwa mkono wenye bendeji. Mama yao akamfungua Anaeli mikono.

Kurudi, Bwana Elisante alitangulia mbele yangu mpaka Himo bila kugeuka. Kwenye basi alikaa kiti cha mbali. Tuliposhuka stendi akasema Jumatatu somo la kutunza dawa nitafundisha mimi. Jumatatu nikasimama mbele ya wauguzi wa zahanati waliokuja mafunzoni, nikaacha daftari mezani, nikawaeleza niliyoyafanya kama ninavyokueleza wewe. Walikuwa wananiita mwalimu. Mama mmoja mtu mzima aliyetoka kwenye miwa akaniuliza kama wakubwa wangu wanajua. Nikamwambia bado, nawaandikia leo; niliandika, na wamenipa onyo. Akaandika kwenye daftari lake. Sijui aliandika nini. Ufunguo wa kabati nilimpa Bwana Elisante bila kuombwa. Aliupokea, na mpaka leo yuko nao. Tunafanya kazi pamoja, tunagawana mkate, lakini zile hadithi zake za njiani hanisimulii tena.

Sasa lipo jambo linalokuhusu wewe, na nimezunguka nalo ukurasa baada ya ukurasa. Wiki iliyofuata ilifika barua ya uhamisho wangu, ile tuliyoiomba miaka mitatu. Nije huko Masasi nyumbani, niripoti mwezi uliofuata. Niliirudisha. Nilitia sahihi ya kukataa kabla ya kukuuliza, kwa sababu nilijua ukinikataza nitakutii. Ningeweza kukuandikia leo kana kwamba nakuomba ushauri, na usingejua kamwe. Lakini nimeshaona ninavyoweza kusema uongo laini, na sitaki uwe mtu wa pili kuusikia. Nimekukosea, mume wangu. Najua Yohana anamwita bibi yake mama. Najua unapika mwenyewe Mama akishindwa kuona moto. Kila sindano ninayopeleka kule juu ninajua inakatwa kwenye siku zenu.

Nimeshakwenda mara tatu. Dawa inapatikana kwa shida; safari moja Bwana Elisante alitembea tangu Kiboriloni akiwa nayo mfukoni ili niwahi basi, akanikabidhi akageuka. Anaeli hasikii sauti, lakini dawa inamtetemesha mikono, randa haishiki sawasawa, kwa hiyo anapiga msasa tu vitu vilivyotengenezwa na wengine. Aliniambia hilo linamuuma kuliko mguu ulivyomuuma. Tumempunguzia dozi, tutazame. Mkatale haukuchomwa wala kutupwa. Uko zizini na kuku wanalala juu yake. Mzee Barnaba hunijibu salamu na hapo basi, ila safari ya mwisho mvua ilininyeshea, akamwambia mkewe aniwekee kigoda karibu na moto na bakuli la mtori. Nilikula lote.

Unaniambia kanisani huko wananiombea kwa jina, mke wa mwalimu anayeponya wendawazimu. Usiwakataze kuomba, ila wewe ujue ukweli ulivyo.

Mpe Mama shikamoo yangu ya magoti, na umwambie matone yakiisha nitatafuta mengine. Msalimie shemeji fundi baiskeli na mkewe aliyejifungua. Nasikia ni wa kike, wamepata. Mwalimu mkuu wako mwambie nashukuru kwa kukupa ruhusa Yohana alipougua. Dada yako wa Ndanda, akipita, mwambie sijamsahau. Watoto wabusu vichwani, na Rehema apewe hiki kitambaa kilichomo humu. Nimekipinda pindo mwenyewe na najua kona moja imeenda upande.

Wewe ukiwa na hasira, niandikie hiyo hasira. Usisubiri ipoe ndipo uandike vizuri. Nitakwenda posta Ijumaa, na Ijumaa itakayofuata, na barua yako ikiwa ya matusi nitaisoma pale pale nimesimama.

Mkeo,
Agnes