Mgongo wa Baba Ukutani

Mtaa wa Chemchemi,
Oruddai,
Mkoa wa Nuoro, Sardinia.
Jumanne, 10 Machi 1987

Mpendwa kaka yangu Gonare,

Salamu nyingi zikufikie huko Ujerumani, wewe, wifi yangu Renate na Bachis wetu mdogo, mrithi wa jina la Baba. Je, kifua chako kimepona? Mama anauliza kila siku kama unavaa ile fulana ya sufu aliyokufumia. Anasema kikohozi cha kiwandani hakisikii dawa ya duka, kinasikia ile asali chungu ya kwetu, na ameshakufungia chupa ingawa hajui ataituma na nani.

Sisi huku hatujambo, ila kutulia hatutulii. Upepo wa kaskazini umetushukia tangu wiki iliyopita na hauna adabu hata kidogo. Umeng'oa vigae vya banda, na mimi tangu nianze barua hii nimeinuka sijui mara ngapi: mara nifunge dirisha, mara nikachungulie kama jukwaa la mbao kule uwanjani (habari yake inakuja) bado limesimama. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usinicheke.

Unakumbuka glasi za kabati la jikoni, jinsi zilivyokuwa zikitetemeka na kulia Baba akinguruma huku ananyoa ndevu? Sasa zinalia kwa upepo. Kila zikilia Mama anageuza shingo kutazama mlangoni, kisha anajifanya alikuwa anatafuta miwani. Inaniuma, Gonare. Nilitaka kuzifunga kwa matambara lakini sikuthubutu.

Sasa habari yenyewe. Kamati ya sikukuu imeamua kumchora Baba na wenzake watatu wa kuimba kwenye ukuta wa ushirika wa wafugaji, ule unaotazama uwanja, ili mchoro uwe tayari kwa misa ya kutimiza mwaka tangu atutoke. Mchoraji ametoka Cagliari, jina lake Efis, kijana mpole mwenye rangi mpaka kwenye ndevu. Nilipoambiwa nililia pale pale dukani, mkate mkononi. Wewe unajua kwa nini.

Miaka yote ile Baba ameimba besi katika kundi la Mzee Boelle, na nani alimtaja? Boelle ndiye mwenye shairi. Chircu na Larentu wana zile sauti za katikati zinazowatoa watu machozi harusini. Baba alikuwa na bim-bam-bo yake tu, chini kabisa, hajawahi kuimba neno lenye maana hata moja. Watoto walimwita fahali wa Pasca, kwa jina la Mama, naye akawajibu kwa mngurumo mpaka wakatawanyika kwa vicheko.

Na yule profesa aliyekuja na mashine ya kunasa sauti, humkumbuki? Alikiweka kinasa sauti mbele ya mdomo wa Boelle, kisha akamwomba Baba arudi nyuma kidogo, maana anawameza wenzake. Baba akarudi. Kidogo tena, mzee. Akarudi tena, mpaka akaishia mlangoni pamoja na viatu vya watu. Santuri ilipotoka, Baba alisikika kama nyuki ndani ya chupa, na kwenye jalada limeandikwa jina la Boelle na "wenzake". Mimi niliwaka moto. Yeye akaniuliza, "Kwani paa limeanguka?" Nikasema halijaanguka. "Basi msingi upo," akasema, akaenda zake kukamua.

Huyo ndiye Baba. Ila mimi subira yake sikuirithi hata punje, na nilitaka mara moja hii tu watu wamwone.

Jana nikapita uwanjani, upepo unanisukuma, nikainua macho. Boelle yupo, mkono sikioni, mdomo wazi. Chircu yupo ubavuni kulia, Larentu ubavuni kushoto, nyusi zake zile zile. Na Baba? Baba ni mgongo! Koti la mahameli, kofia, kisogo, basi. Damu ilinipanda.

Nikamwita Efis pale pale juu ya mbao zake. "We kaka, baba yangu alikukosea nini?"

Maskini akateremka, akanionyesha picha zote alizokusanya kwa watu. Za harusi, za sikukuu, za mashindano ya Nuoro. Wanne hao wanasimama duara, nyuso ndani, bega kwa bega, kama siku zote. Besi anamkabili kiongozi. Na kila mpiga picha alitaka uso wa Boelle, kwa hiyo kila mpiga picha alisimama nyuma ya Baba. Nilizipekua zote nikiwa nimechutama juu ya vumbi. Mgongo, mgongo, mgongo!

Utasema kuna picha ya harusi ya Baba na Mama. Ipo, lakini mle ni kijana mwembamba mwenye masharubu, wakati hawa watatu ukutani wana mvi. Ya kaburini ndiyo usiniambie. Waliitoa kwenye kitambulisho, na yule fundi wa Nuoro akaisafisha mpaka Baba akafanana na karani wa benki. Mama kila akiwasha mshumaa ananiuliza, "Huyu bwana ninayemwombea ni nani?"

Nilikusudia Mama asijue mpaka nitafute njia. Unajua hatoki, mpaka mwaka uishe ni kanisani, makaburini na nyumbani, madirisha yamefungwa. Lakini jirani yetu Mallena mdomo wake hauna komeo. Nilipofika nyumbani alikuwa ameshamwaga yote juu ya ukuta wa ua.

"Eti wamemchora mume wangu kisogo?" Mama akanipokea nayo mlangoni. "Akupaye kisogo si mwenzio! Mwaka mzima nimekaa gizani kwa ajili yake, leo anigeuzie mgongo mbele ya kijiji kizima?"

"Mama, si yeye, ni mchoraji."

"Yeye, mchoraji, wote wanaume. Keti hapo uandike. Gonare ana uso wa baba yake, pua ile ile, na lile shimo la kidevu. Atume picha yake, huyo kijana aongeze mvi na mikunjo, amgeuze Bachis atutazame kama mtu."

Basi hilo ndilo ninalokuomba, kaka. Piga picha ya uso, utazame mbele, usicheke, na tafadhali usivae ile miwani ya jua. Uitume upesi. Mama amesema wasipomgeuza, siku ya misa atapita njia ya nyuma ili asiuone ukuta ule maisha yake yote, na wewe unamjua, akisema amesema.

Jumamosi, 14 Machi

Gonare, barua hii bado ninayo. Meli hazikutoka Olbia kwa sababu ya upepo, na posta walisema hata nikiitia sandukuni italala hapo hapo. Ni heri, maana mambo yamegeuka juu chini.

Alhamisi walikuja wale wazee watatu, wamevaa suti zao, kofia mikononi. Mama aliwakaribisha viti. Kahawa hakuwapa. Unaweza kupima mwenyewe hali ilikuwaje.

Boelle akakohoa. "Shemeji, tumesikia unataka Bachis ageuzwe. Tumekuja kukuomba usimgeuze."

"Kwa nini? Wewe umetazamwa miaka yote hiyo, hujashiba tu?"

"Akigeuka atamwimbia nani, shemeji? Barabara? Sisi tunaimbiana. Mimi shairi lilinitoka kwa kumtazama yeye. Nikisahau ubeti ananinyanyulia nyusi. Nikivuta sana ananikunjia uso kama ninamwibia kondoo. Ukimgeuza awatazame watu, basi mimi ndiye ninayepewa kisogo pale ukutani, mpaka lipu ianguke."

"Na mimi nikimwona kisogo, sawa?"

Chircu akasema taratibu, "Siyo hivyo, shemeji."

"Ni hivyo hivyo. Uso wake mlikuwa nao ninyi. Kila sikukuu, kila harusi, kila Jumapili kilabuni. Mimi nilikuwa nyuma na wanawake, natazama migongo. Nendeni nyumbani."

Wakaondoka. Larentu alisahau kofia yake akaogopa kurudi kuichukua, nikamkimbizia hadi kona. Usiku ule nilizunguka jikoni nikifuta vitu ambavyo vilikuwa safi.

Jana baada ya chakula akasimama, akavaa shali yake nyeusi, akafungua mlango. Nikamwuliza anakwenda wapi. "Nipishe," akasema. Hakushika njia ya kanisa, alishuka kuelekea uwanjani, na mimi nyuma yake nikihangaika na shali inayopepea, na madirisha ya watu yanafunguka moja baada ya jingine. Nilisikia aibu, nikasikia na woga. Mallena alitufuata, bila shaka.

Mama akasimama mbele ya ukuta. Akatazama kwa muda mrefu sana. Efis juu ya jukwaa alishika brashi kama mtu aliyefumaniwa. Wale wazee walitoka kilabuni wakasimama kwa mbali.

"Huyu nani?" Mama akauliza.

"Mzee Bachis, mama."

"Bachis gani? Bachis wangu bega la kushoto lilikuwa chini. Amebebea madebe ya maziwa tangu utotoni. Hilo bega ni la askari."

Efis akachovya brashi, akalishusha bega.

"Bado."

Akalishusha tena.

"Bado, mwanangu, usimwonee haya. Hapo! Hapo hapo. Na kofia iende nyuma, alikuwa na joto la kichwa. Chini ya sikio la kulia kuna kovu, yule beberu wa Mzee Diegu alimpiga pembe. Na ukosi wa koti nimeushona upya kwa uzi wa buluu, mweusi uliniishia."

"Uzi, mama? Toka huko chini nani atauona?"

"Mimi nitauona."

Basi Efis akapaka uzi wa buluu, upepo unamtikisa, ulimi umemtoka kwa umakini. Na Gonare, naapa, mgongo ule ukaanza kuwa Baba. Sikujua kwamba ninaujua mpaka nilipouona. Mallena mwenyewe alifunga mdomo, na hilo lingestahili mchoro wake peke yake.

Nikamwuliza Mama amejuaje yote hayo, hata urefu wa nywele za kisogoni.

"Nisijue mimi, ajue nani?" akasema, bila kuondoa macho ukutani. "Kila alfajiri anatoka na kondoo. Kila Oktoba anashuka nao bondeni, mpaka Mei ndipo namwona tena. Nani alikuwa anasimama mlangoni kumsindikiza kwa macho mpaka kona ya chemchemi? Hao wana uso wake, wabaki nao. Mgongo huu ni wangu."

Kisha akamgeukia Efis na kumwambia asimguse tena.

Boelle alikuwa amesogea. Akaweka mkono sikioni kama pale ukutani, akavuta pumzi, Chircu na Larentu wakamkaribia, bega kwa bega. Akafungua mdomo. Wakangoja ile sauti ya chini iwabebe, nayo haikuja. Boelle akafunga mdomo. Larentu akalia waziwazi, mzee mzima. Mimi nilifikiri juu ya yule profesa na mashine yake, na nikatamani angekuwepo pale asikie jinsi Baba alivyokuwa mkubwa.

Mama akawaambia, "Twendeni, kahawa niliyowanyima itanikalia vibaya msipokunywa leo." Wamekunywa, na pombe kali ya zabibu juu yake, na jibini lote tulilokuwa tumelificha. Wakati wa kuosha vyombo alifungua dirisha la jikoni. Mwaka bado haujaisha.

Kwa hiyo usihangaike na picha.

Leo upepo umelala, meli zinatoka, na posta wanafunga saa sita, hivyo naharakisha. Msalimie sana Renate, mwambie mapishi yake ya kabichi nimejaribu na Mama amekula bila kulaumu. Mbusu Bachis mdogo, na niambie kama ameanza kunguruma. Mzee Boelle, Chircu na Larentu wanakusalimu. Efis pia anakusalimu, ingawa hakujui. Anasema nusura akupake mvi. Mungu akulinde na mashine za kiwandani na baridi ya huko, akupe usingizi mwema.

Nilikuwa nataka kuifunga bahasha, nikamwuliza Mama kama ana la kuongeza. Alikuwa anapanga zile glasi kabatini. Nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie migongo ninayoijua ni miwili. Mmoja uko ukutani. Wa pili ulipanda basi la Olbia na sanduku lililofungwa kamba, nao niliusindikiza kwa macho mpaka kona ya chemchemi, vilevile. Kisogo kimoja kinanitosha. Mwambie picha sitaki tena. Aulete uso wenyewe."

Mimi dada yako akupendaye, ninayesikiliza kila basi linaloingia,

Grassia