Bawasiri ya Bingwa wa Drafti

Mshauri mpendwa, mimi si mtu wa kuomba msaada, ila leo naomba, na unijibu kwa maneno mafupi maana macho yangu na karatasi havipatani. Mimi ni fundi cherehani, mtaani hapa suruali iliyomkaa mtu vizuri nimeishona mimi, na tena ndimi bingwa wa drafti, sasa Jumamosi nacheza na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kinyozi mwenye mdomo kuliko wembe wake, na sheria niliiweka mimi mwenyewe kwamba anayeinuka kitini kabla mchezo haujaisha amefungwa, basi mshauri nimeshikwa na bawasiri, kukaa siwezi, nashona nimesimama, wateja nawaambia ni mazoezi. Chooni ni vita, nasukuma mpaka masikio yanaziba, nakaa humo nikipanga mbinu za drafti, damu kidogo naiona ila mimi si mtu wa kutishwa na damu. Mke wangu anasema, "Mzee, kula mboga, kunywa maji," nikamwambia, "Mama watoto, umeniona na pembe? Mimi si mbuzi." Nikajipaka hukohuko dawa ya kuchua kifua, nikatimka uani kama kijana, majirani wakadhani nyumba inaungua. Ndipo nikatumia akili ya ufundi, nikashona mto mnono, nikaujaza vipande vya nguo nilivyofagia chini ya cherehani, nikaukalia kwa uzito wangu wote, kumbe pini nazo nilizifagia humohumo. Shemeji alikuwa mlangoni, akasema, "Bingwa, mbona umeinuka? Nimeshinda tayari?" Hospitali siendi, wale wauguzi sare zao nimeshona mimi. Nipe dawa ya kukaa Jumamosi tu, mengine najua mwenyewe.

Bingwa

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo mzee wangu, na pole, hasa kwa zile pini. Nisikilize, ukiwa umesimama hivyohivyo.

Bawasiri ni mishipa iliyovimba huko kwenye njia ya haja kubwa, na wewe unaichochea kwa kusukuma na kwa kugeuza choo kambi ya drafti. Ukibanwa nenda, ikigoma toka. Mke wako ana akili kutuzidi sisi wawili: kunywa maji, kula mboga za majani, papai, maharage. Kalia beseni la maji ya uvuguvugu, ujikaushe taratibu. Ukimaliza kushona vazi, tembea kidogo. Dawa ya kifua irudishe kifuani.

Sasa damu. Si kila damu ni bawasiri, na kwa umri wako usijipe jibu mwenyewe. Nenda hospitali kesho asubuhi. Unawaonea aibu wauguzi? Wote umewapima viuno na hawakulia. Sasa zamu yao.

Na Jumamosi? Dawa ya siku moja sina. Mwambie shemeji, "Naumwa, tuahirishe." Atacheka, na kila kichwa atakachonyoa kitasikia habari. Acha wasikie. Akikataa kuahirisha, kaa, sogeza kete moja, inuka, mpe mkono wa ushindi, uondoke na makalio yako salama. Ubingwa utaurudisha, hayo mengine, mzee wangu, huwezi kuyashona upya.