Somo Yako na Kofia ya Baiskeli

Koboko sokoni,
Jumapili mchana

Dada yangu Mwajuma,

Assalamu alaikum. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la chumvi, kwa hiyo mwandiko ukipinda, ulaumu gunia. Goti lako linaendeleaje? Uliposema limeanza tena kukusumbua, nilimwambia mke wangu Hawa kwamba kwa dada yangu goti litachoka mapema, lakini mdomo bado sana. Usinune. Na wewe mjukuu unayemsomea bibi yako, soma yote, usiruke mistari kama alivyokuwa akifanya baba yako.

Huku sisi ni wazima. Natangulia kusema hivyo kwa sababu habari inayofuata ina damu kidogo, na nakujua, utaanza kulia kabla haijaisha. Somo yako, binti yangu niliyempa jina lako, alianguka na baiskeli. Amepona. Anakula, anabishana, na ana kovu juu ya sikio ambalo nywele zinaanza kulificha.

Unajua tunakaa Dranya, kwa wakwe zangu, na shule yake iko Koboko mjini. Kwa miguu anafika wenzake wameshaanza hesabu, na mwalimu wa zamu huwarudisha nyumbani waliochelewa. Ndiyo maana nilimpa baiskeli yangu ya zamani. Ni ya kiume, hivyo anaiendesha kwa kupitisha mguu chini ya bomba, mwili umeinama upande kama mtu anayechungulia mlango wa jirani. Lakini anakwenda, tena mbio.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko wa kijito akawa anashindana na wavulana wanaoteleza na vigari vyao vya mbao, vile vya magurudumu ya beringi. Gurudumu la mbele likaingia kwenye mfereji, naye akapiga kichwa kwenye jiwe. Nilipofika alikuwa amelala chali, macho wazi, akaniuliza mimi ni nani. Dada, kichwa hiki changu kikubwa, ambacho mtu akikiona mara moja hakisahau, mwanangu hakukitambua. Nilicheka ili asiogope, huku nikimbeba mbio kwenda zahanati.

Walimshona, wakamlaza zahanati mpaka akili ikarudi na akaanza kulalamikia uji. Hawa hakugombana na mtu. Alirudi nyumbani, akaifunga baiskeli kwa mnyororo kwenye nguzo ya ghala, akavaa ufunguo shingoni. Nilipojaribu kumwambia kuhusu shule, aliniacha nimalize, kisha akasema, “Mimi navuka mpaka ya Kongo na watoto ya mama yangu, wakati ya vita. Yote inafika. Sasa hii yangu ikufe juu ya baiskeli?”

Ungemjibu nini? Yeye ni mtoto wa askari wa upande ulioshindwa, alikimbia na wadogo zake akiwa msichana. Akasema mtoto apumzike, atasoma mwaka kesho. Na mwaka huu ndio wa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Wewe na mimi tunaujua huo mwaka kesho, Dada. Wako uliusubiri mpaka ukaolewa.

Basi nikaenda Arua kununua chumvi na sabuni za duka langu. Sokoni nikamkuta mama mmoja wa Vurra anauza mayai, na mayai yake ameyapanga ndani ya kitu chepesi cha bluu, chenye matundu juu na mikanda miwili inayoning'inia. Nikakijua. Ni kofia ngumu ya watoto wa Ulaya, wanaivaa wakipanda baiskeli. Niliiona zamani kwenye gazeti. Lazima ilikuja ndani ya mtumba. Nikamuuliza bei ya kofia. Akaniambia hakuna kofia hapo, hii iko bakuli. Nikamweleza inavaliwa kichwani. Akakiangalia kichwa changu, akaiangalia ile kofia, akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga.

“Mimi natoka nayo Vurra juu ya baiskeli,” akasema, “barabara ile yote ya mashimo, hakuna yai moja inavunjika.”

Hakuna mfanyabiashara aliyewahi kuniuzia kitu kwa neno zuri kama hilo. Akakataa tu kuiuza tupu, ikabidi ninunue na mayai, nikarudi Koboko juu ya lori nimeyakumbatia kama mwali.

Hawa aliigeuza, akaibonyeza kwa kidole gumba, akavuta mikanda kwa nguvu zake zote. Kisha akatoa sharti: kofia kichwani, ufunguo mkononi. Bila kofia, hakuna baiskeli. Nikajiona nimemaliza kazi.

Kumbe sijaanza. Somo yako aliivaa siku moja tu. Kosa langu, nilikuwa nimemsimulia kila mtu habari za mayai, na shuleni wakamuuliza ataanguliwa lini. Akarudi, akaitundika ghalani, akasema yeye si yai, atatembea. Akatembea, akachelewa, akarudishwa. Kesho yake hivyo hivyo. Ufunguo ukabaki shingoni kwa Hawa. Nilimbembeleza mtoto, nikamtisha, nikamwahidi viatu. Akanisikiliza kwa adabu zote, halafu akauliza, “Baba, wewe kila wiki naenda na baiskeli mpaka mpakani. Kofia yako iko wapi?”

Nikasema kichwa changu kimeshazeeka, hakina mengi ya kumwagika.

“Na mama analia juu ya kichwa yangu tu?”

Dada, nikaenda kuhesabu sabuni.

Jumamosi moja nikaichukua kofia, nikaivaa. Ni ya mtoto, Dada. Ilikaa utosini kama kuku juu ya paa, na mikanda haikufika kidevuni, nikaiunganisha na kamba ya gunia. Nikapanda baiskeli ya duka kutoka Dranya hadi hapa sokoni, mchana kweupe. Sitakuficha, walinicheka. Wauza muhogo walisimama. Mzee wa msikitini aliniuliza kama kuna vita na hatujaambiwa. Nikafungua duka na kofia yangu, nikapima chumvi na kofia yangu, na watu wakaja kununua chumvi wasiyoihitaji.

Adhuhuri somo yako akaniletea chakula. Nje walikuwa wamejaa watoto wa shule yao, wananiigiza ninavyotembea. Aliwapita, akaingia. Akaweka sahani juu ya meza, akaja nyuma yangu, nikahisi vidole vyake vinafungua ile kamba.

“Leta,” akasema. “Hii iko yangu. Wakitaka kucheka, wacheke mimi.”

Akaivaa pale pale mbele yao, akafunga mkanda, akasimama mpaka nikamaliza kula.

Jumatatu yake Hawa akavua ufunguo shingoni. Mimi, baba nisiye na aibu, nikaacha chai mezani, nikakata njia ya shambani, nikajificha kwenye mahindi karibu na kijito nione kama ataivua akishatoka machoni pa mama yake. Akateremka polepole, kofia kichwani, mkanda umekaza. Alipofika usawa wangu akapiga kengele bila kugeuza shingo.

“Baba,” akasema, “chai yako inapoa.”

Nisalimie shemeji yangu mvumilivu, mumeo. Nisalimie shangazi muuza mawese, na yule jirani mwenye redio, mwambie apunguze sauti goti lipumzike. Hawa anakusalimu sana. Wavulana wa vigari sasa wananiuliza kofia zao ziko wapi. Nimewashonea sponji ndani ya kofia za kitambaa, si kitu kikubwa, na nikienda Arua napekua kila mtumba.

Mtihani ni baada ya mvua hizi. Muombee somo yako.

Mdogo wako wa Koboko,
Rajabu