Mapipa Matano kwa Safari Moja

Kayenze,
9 Agosti

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute magoti yametulia na dada Wilhelmina anakukorogea chai tamu kama unavyoitaka. Huku sisi ni wazima, mimi, Rebeka na mjukuu wako Shimba. Mbuzi wako nao wazima, ila yule mweusi bado ana tabia zake. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika ninapokwenda. Wilhelmina akikusomea, asiruke mstari hata mmoja.

Mama, tumenunua gari. Ni pikapu kuukuu, nyeupe, imebonyea ubavu wa kushoto, lakini inavuta kwa magurudumu yote manne. Najua utauliza gari la nini kwa watu wanaolima mihogo kati ya mawe. Ni la kuvuta maji. Tangu maksai wa marehemu Baba wazeeke, hakuna aliyepandisha pipa kutoka ziwani hadi uani kwetu, na ndiyo sababu ukahamia Butimba kwa Wilhelmina. Miaka miwili naitazama nyumba yako imefungwa, na inaniuma.

Sikununua kijinga. Unakumbuka Baba hakutoa pesa ya maksai kabla hajamwona akivuta gogo kupanda mlima. Nami nilimwambia Salehe, mfanyabiashara wa Nyakato mwenye gari, kwamba silipi mpaka lipande kwetu. Akakubali, akaja nalo mwenyewe. Tukafunga trela, tukapakia tenki linalomeza mapipa matano, tukalijaza maji ziwani. Majirani wote walikuja kutazama, na Baba Mdogo Mashimba alikuja na kiti chake kabisa.

Nilishika usukani mwenyewe. Tulipofika pale kwenye jiwe kubwa, magurudumu ya nyuma yakaanza kuchimba mchanga, ya mbele yametulia kama wageni wanaosubiri chakula. Nikashuka nimevimba. Nikamwambia Salehe mbele ya watu kwamba ameniletea gari bovu, na kwamba Msukuma hauziwi ng'ombe mgonjwa. Alijaribu kusema neno, sikumpa nafasi.

Baadaye gari likapanda. Likapanda na maji yote, polepole, bila kurudi nyuma hata hatua moja, likasimama mbele ya mlango wako. Wanawake wakapiga vigelegele. Nilimwomba Salehe radhi, nikamlipa, akala ugali na sato kwetu.

Sasa nikiri, Mama. Nimeandika kwamba gari lilipanda, nikakuficha aliyelipandisha. Si mimi, ni Rebeka. Nilipokuwa bado nafoka, alikaza kanga yake, akapiga magoti vumbini, akazungusha kwa mkono loki za magurudumu ya mbele, vile vifungo vya katikati ya gurudumu ambavyo bila kufungwa ya mbele hayavuti. Mimi nilidhani kuvuta gia ya magurudumu manne kunatosha, wala sikujua kama loki hizo zipo. Kisha akaniambia taratibu, "Baba Shimba, sogea." Akakaa kwenye usukani.

Nilijua alilelewa na mjomba wake Nestory, fundi magari wa Buhongwa. Sikuwahi kumwuliza alijifunza nini pale. Wewe nami tulikuwa tunahesabu ndoo alizomwaga tu. Nimeona aibu, Mama, lakini fahari niliyonayo imeizidi aibu hiyo mbali sana.

Nakukumbusha neno lako. Siku unaondoka ulisema kwamba mke wangu wa mjini akipandisha pipa moja la maji mlima huu, utarudi nyumbani na kula anachopika. Amepandisha mapipa matano kwa safari moja. Baba Mdogo alikusikia siku ile, na ndiyo maana safari hii alikuja na kiti.

Jumamosi Rebeka atakuja kukuchukua yeye mwenyewe. Nimeambiwa nikae nyuma na mizigo, na wewe ukae mbele, pembeni yake. Nyumba yako imefagiliwa na mtungi wako umejaa.

Msalimie Wilhelmina na watoto wake, na usisahau kufungasha mwiko wako.

Ni mimi mwanao, mume wa dereva,
Masele