Sakafu Aliyoipiga Bi Thuwaiba

Qurum, Maskati
3 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Zakiya,

Assalamu alaykum. Hujambo wewe, na watoto hawajambo? Kile kikohozi kimekuachia, au bado unakificha usipelekwe kwa daktari? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Baridi imekwisha, AC zimeanza kunguruma, na mama yako mkubwa anakusalimu salamu ndefu ambazo nikiziandika zote nitamaliza karatasi.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nyumba ilitaka kutuangukia, au ndivyo tulivyodhani. Mvua za baridi mwaka huu zilikuwa kali. Zilipokwisha, kwenye dari ya chumba cha Mama likaota doa jeusi, likakua kila siku, mpaka plasta ikadondoka kitandani. Kaka yangu Harub unamjua, hana subira. Siku ya pili alikwisha kumtafutia Mama fleti ghorofa ya tano, na akasema nyumba hii ivunjwe. Mama hakubisha. Alianza kukunja kanga zake moja moja, nami nikashindwa kumtazama.

Niliomba jambo moja tu, sakafu ya juu ikaguliwe kwanza. Akaja mhandisi, Maan, mtu mpole asiyesema sana. Alituambia wazi kwamba zege likiwa limeoza, Mama hatalala tena humu ndani.

Tukapanda. Kwanza nikupe aibu yangu. Miaka kumi nyuma mimi ndiye niliyeleta mafundi watandaze lami juu nzima, na mimi ndiye niliyewaamuru wazibe milizamu miwili, kwa sababu ilikuwa ikimwaga maji ya mvua juu ya gari langu jipya. Maan akatuonyesha kwa kidole: maji yanakosa pa kutokea, yanatuama, yanaingia ufa wa ukingoni, yanashuka ukutani mpaka chumbani kwa Mama. Gari lenyewe nilikwisha kuliuza.

Wakaibandua lami. Zakiya, sijui nikueleze vipi. Chini yake ilitoka sakafu nyeupe ya chokaa, kavu kabisa. Maan akagonga kwa nyundo, ikalia. Akagonga pengine, ikalia vilevile. Akatoboa kidogo kulitazama zege, akalikuta zima. Akakaa chini pale pale, akauliza nani aliyeifanya kazi hii.

Baba alipohamia huku kutoka Unguja hakuliamini zege peke yake. Alimwaga chokaa juu yake, akawapa wanawake wa nyumba fimbo, Mama na mdogo wake wakiwamo, wakaipigilia siku saba huku wakiimba, kama ilivyokuwa ikifanywa kwao. Majirani walicheka. Mimi nilikuwa mchanga, na hadithi hii nimeisikia utoto wangu wote nikidhani Baba anaitia chumvi.

Tulipoliondoa tangi kuukuu la maji tukaona zaidi. Chini yake hapakuwahi kulainishwa, maana tangi lililetwa kazi haijesha, na alama za fimbo zipo mpaka leo, mstari kwa mstari. Mama hajapanda juu miaka sita, lakini alitaka apandishwe, basi Harub akamshika huku na mimi huku. Akainama, akazipapasa. Akatuonyesha zake. Halafu akasogea kwenye mistari iliyolala upande mwengine.

"Huu mkono wa Thuwaiba," akasema. "Nna hakika. Yeye peke yake akipiga kwa shoto."

Mama yako, Zakiya. Aliyerudi Unguja kuolewa, akafariki wewe hujatimiza siku arubaini. Picha yake hatuna, na kila ukiniuliza alikuwaje, nilikuwa sina la kukupa. Nikaweka kiganja changu pale. Miaka karibu hamsini mvua inapita juu ya kazi yake na haikupenya. Nililia, na Harub alilia, ingawa ukimuuliza atakataa.

Fleti imerudishwa. Milizamu yote minne iko wazi, ufa umezibwa, na juzi tulichanganya chokaa tukapigilia palipotobolewa. Hata Maan alipewa fimbo, na Mama akamkosoa mpaka jasho likamtoka. Ramadhani itatukuta hapa hapa, na Mama chumbani mwake.

Wasalimie Mjomba Abdulrazak na Hadeel, na watoto wote uwabusu kwa niaba yangu. Mungu akuhifadhi, akupe afya, na akufungulie njia ya kuja.

Nasema ya kuja kwa sababu Maan alitaka kupalainisha pale penye alama, na Mama akamkatalia. Amemwamuru apajengee kibanda kidogo cha bati, pasiguswe.

"Pana mwenyewe," akamwambia, "na hajapaona bado."

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Mahfoudha