Sauti ya Mama, Vipande Arobaini

Dada yangu mpendwa,

Huku studio tu wazima, hata feni imepona. Vile vipande arobaini vya marehemu mama akisimulia, nimekutumia vyote. Ulisema, "Toa kikohozi tu, mdogo wangu." Mimi, fundi mzima, nikaiamuru kompyuta ifute kila kelele ndogo, nikavihifadhi vyote kwa mkupuo mmoja juu ya vile vya mwanzo, bila kusikiliza hata kimoja.

Leo nimesikiliza. Mama anaongea mwanzo hadi mwisho bila kuvuta pumzi, na rekodi za mwanzo hazipo tena. Nimeshindwa kukupigia simu. Uso nitauweka wapi?

Mwanao akiuliza bibi alikuwa akipumua saa ngapi, usinifichie aibu. Mwambie mjomba alikuwa na haraka.

Mdogo wako