Pale Mama Anapokohoa

Kindu, nyumba za reli
Siku ya nne ya mvua

Yaya, dada yangu mkubwa Zaina,

Kabla sijasema la huku, pokea salamu zangu kwa mikono miwili, wewe na shemeji na wote waliokaa karibu yako unaposoma. Maana najua husomi peke yako. Najua Mama ameketi kwenye kigoda chake penye mlango, kitenge mabegani ingawa jua linawaka, na watoto wamenyamazishwa kwa kofi moja la mwisho. Goti lako limepoa? Kifua cha Mama kinaendeleaje tangu mlipomaliza kuvuna mpunga? Sisi tunaamka na tunalala, tunashukuru Mungu.

Siku nilipoolewa nikapanda lori kuja huku, Mama alinipa maswali manne, na tangu hapo hakuna barua yenu iliyofika bila hayo manne mwishoni. Mvua imenyeshaje, afya zikoje, Jumapili mlitembea wapi, na huko Kindu wanapiga nyimbo gani siku hizi. Nayajibu kwa mpangilio wake, asije akasema mji umenipumbaza.

Mvua. Mwaka huu imekuja na hasira zake. Siku nne inapiga mabati mpaka mimi na Kasimu tunaongea kwa mikono, na wewe unajua mume wangu hata siku ya jua hasikii vizuri akiitwa kuchota maji. Mto umepanda hadi kwenye mawe ya kufulia. Juzi ulichukua beseni la jirani pamoja na suruali ya kazi ya mume wake. Yule bwana akaenda stesheni amejifunga kitenge cha mkewe, akarudishwa nyumbani. Tulicheka, na mkewe alicheka kuliko sisi.

Afya. Kasimu aliumwa tumbo, akapona kwa maji ya majani ya mpera, ingawa yeye anavisifu vidonge. Feza sasa anakimbia, na masikio yake ni yale yetu, makubwa. Mama afurahi, ukoo haujapotea. Mimi nimekonda kidogo. Hiyo ya kukonda ungeiruka, lakini basi, umeshaisoma.

Matembezi. Jumapili moja kabla mvua hii haijaanza, tulivuka kwa mtumbwi kwenda Alunguli, kwa rafiki ya Kasimu mwenye bustani za mboga. Tulikula wali na samaki wa mtoni, tukapewa matembele ya kubeba. Alasiri tukapita kwa mama mmoja anayeuza pombe uani kwake, maana palikuwa na mpiga gitaa. Mama asikunje uso, sisi tulikunywa chai.

Nyimbo. Yaya, hapa simama. Mwambie Mama macho yamechoka, au kuna kitu kinaungua jikoni. Yanayofuata uyasome peke yako nyuma ya nyumba.

Uko peke yako? Haya.

Mpiga gitaa anaitwa Dominiko, mtu wa Kibombo, mbeba magunia ya mchele hapa stesheni. Anachechemea mguu mmoja. Alipiga nyimbo mbili tatu za kucheza, zile ambazo kila mtu anazo mdomoni siku hizi, watu wakatokwa jasho. Kisha akapiga moja ya polepole, na nilianza kuiimba pamoja naye kabla sijajua kwamba ninaimba.

*Mgeni wangu yuko njiani, mwekeeni ukoko.*

Ule wa Mama wa kutwanga, Yaya. Ule ambao hakuna aliyemfundisha, aliutoa kichwani mwake kwa ajili ya Ramazani, kwa sababu kaka yetu alikuwa hali wali mpaka aone ukoko wa chini ya chungu. Unakumbuka Mama hakuwahi kuuimba moja kwa moja. Akifika “njiani” kifua kinambana, mchi unasimama, anakohoa mara mbili, ndipo anamalizia. Na Ramazani alipojitengenezea gitaa la ubao na nyaya za baiskeli, akifika hapo alizishika nyuzi zikanyamaza, akagonga ubao mara mbili. Mama alimrushia ufagio. Halafu akamwambia apige tena.

Dominiko alifika “njiani”. Akashika nyuzi, akagonga ubao mara mbili.

Na watu wote waliokuwa wakicheza walisimama papo hapo, wakapiga makofi mawili, wakaendelea. Wanaujua wimbo, wameuzoea. Wanawake wengine walikuwa wanapangoja hapo kwa kucheka, kiuno kimesimama upande mmoja. Watu wa Alunguli wanacheza kikohozi cha mama yetu, Yaya, na chai ilinimwagikia miguuni nisisikie moto.

Ndipo nikalielewa swali la nne. Miaka yote nilidhani ni soga la mtu mzima, nikawa namjibu kwa mzaha, wanapiga rumba Mama, wanapiga vitu vya kukuvunja nyonga. Kumbe alikuwa anamtafuta mwanawe kwa masikio yangu. Alijua kwamba Ramazani akiwa mahali popote, wimbo utatoka hapo na kutembea. Baba mkubwa amemwomba mara ngapi tusome khitima, na Mama mara ngapi amesema khitima ya nani? Mvua saba sasa tangu aondoke, na kila siku anaufunika ukoko kwa sahani ya bati, na hakuna mtoto anayethubutu kuugusa.

Nilingoja Dominiko apumzike. Nikamuuliza wimbo ule ameutoa wapi. Akasema ameupata hapa hapa Kindu, hospitalini, mwaka juzi mwanzo wa mvua, gunia lilipomwangukia akavunjika mguu. Kitanda cha pili alilala mtu aliyetoka migodi ya upande wa Pangi, mgonjwa wa kifua, na alimfundisha wimbo huo kwa siku nyingi ili wapitishe muda. Jina lake Amisi.

Nilipumua. Amisi si wetu, nikajiambia, wimbo umepita tu mdomo kwa mdomo. Nikauliza, kwa kuuliza tu, kwa nini anagonga pale katikati.

Dominiko akacheka. “Ni yeye njo alinifundisha vile. Gitaa haikuwa, alikuwa anagonga chuma ya kitanda. Siku moja nikaruka ile pahali, akakasirika. Akasema, usiruke pale, ndugu. Pale njo mama yangu anakohoaka.”

Yaya, unakumbuka jirani yetu Amisi alivyopoteza buku yake ya utambulisho? Alilala siku saba gerezani pale teritwari, kwenye ofisi ya serikali, nasi tukamtania kwamba mbuzi ameila. Mbuzi hakuila. Ramazani hangepewa ruhusa ya kutoka kijijini na shamba lake la pamba ya lazima bado halijavunwa, kwa hiyo aliondoka na jina la mtu mwingine mfukoni. Kasimu aliuliza migodini, aliuliza stesheni zote mpaka Kibombo, na kila mahali aliuliza Ramazani. Hakuna aliyemjua Ramazani.

Alikufa kabla plasta ya Dominiko haijakatwa. Jumatatu Kasimu aliomba ruhusa kazini, Dominiko akatupeleka. Ni uwanja ulio nyuma ya hospitali, nyasi zimefika magotini, na kila kaburi lina kipande cha bati chenye namba. Dominiko alitafuta muda mrefu akahesabu kutoka kwenye mti wa mpapai, akasema ni hapa. Kasimu akasoma fatiha. Mimi nikang'oa nyasi.

Sasa lile linalonitafuna. Sijamwambia mtu ila Kasimu.

Feza alizaliwa katika hospitali hiyo hiyo, mwaka juzi, mwanzo wa mvua. Wodi ya wazazi na ya wanaume zinatenganishwa na ukuta mmoja. Siku ya tatu, mchana, mtu alianza kugonga chuma upande wa pili. Mara mbili, kimya, mara mbili, kimya. Ilikwenda hivyo tangu chakula mpaka alasiri. Feza alikuwa analia, mimi sijalala tangu nijifungue, kichwa kinaniuma. Nikamwita mwuguzi, nikamwambia kwa ukali aende amnyamazishe huyo mtu, mtoto wangu anakosa usingizi. Akaenda. Kugonga kukaisha. Nikalala, Yaya. Nililala vizuri sana.

Wimbo haukupita ukutani. Kulipita kule kugonga tu, na sikukutambua. Kasimu anasema hospitali ina vitanda vingi, na wagonjwa wa kugonga vyuma hawakosekani. Nilitamani iwe hivyo. Nikarudi kwa Dominiko pale stesheni, nikamuuliza kama kuna siku walikatazwa. Akasema ndiyo, siku moja mwuguzi alikuja akasema kuna mzazi analalamika. Tangu siku hiyo yule ndugu alikuwa anagonga godoro, kwa kidole, bila sauti.

Alikuwa hatua kumi kutoka kwangu. Ningeinuka tu, nikavaa kitenge changu, nikapita mlangoni kumgombeza mwenyewe kama ninavyowagombeza watu wote, ningemkuta. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimtuma mtu mwingine akagombeze.

Sasa kule kugonga nakusikia kila mahali. Mvua hii siku nne inagonga mara mbili mbili. Jirani akitwanga, natoka nyumbani namzungusha Feza stesheni mpaka amalize. Mimi mwenyewe nimeacha kutwanga, nanunua mchele uliokwisha kutwangwa, na Kasimu, ambaye anajua bei yake, analipa. Ndiko huko kukonda nilikotaja. Nina hofu, Yaya. Si ya mzimu, kwa maana angekuja ningemfungulia. Hofu yangu ni Mama.

Nilipoanza kuandika nilipanga hivi: wewe umwambie Mama kwamba Ramazani amefariki, kwa maneno yako laini, na haya ya ukuta yabaki kwetu wawili. Ndiyo maana nimekupeleka nyuma ya nyumba. Lakini nimeandika huku nikimwona. Mama hajui kusoma, ila barua anazijua. Ukirudi atanyoosha mkono, atazishika karatasi, atazihesabu kwa kidole gumba, na atasema zilikuwa nne, umenisomea moja. Na hata ukimshinda leo, barua ijayo itakuja na maswali yake manne, nami nitakaa hapa nitunge nyimbo za uongo kwa mwanamke ambaye amesikiliza miaka saba. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kwa hiyo nililosema pale juu nalifuta. Futa machozi, rudi ukae karibu naye, si mbele yake, karibu, bega kwa bega. Anza penye neno “Nyimbo” na usiruke mahali. Soma na la ukuta. Lisome kama nilivyoliandika, usinitetee. Akinikasirikia, niandikie hivyo hivyo alivyosema. Akinyamaza, usimharakishe, mpe maji tu, na dawa yake ya kifua iwe karibu.

Nisalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie samaki mkavu aliyeniagiza nitamtuma na gari la moshi mto ukishuka. Msalimie baba mkubwa. Sasa anaweza kuwaita watu wa khitima, nasi huku tutasoma siku hiyo hiyo mtakayotutajia. Msalimie shangazi mfinyanzi, chungu chake bado hakijapasuka. Na nenda mwenyewe kwa jirani Amisi. Umwombe radhi kwa ajili ya mbuzi, na umwambie jina lake limeandikwa pamoja na wafu hapa Kindu, asishtuke siku akija kutafuta kazi. Alimfunika ndugu yetu kwa jina lake bila kujua, tunamshukuru.

Wabusu watoto wako. Feza anawatumia alama ya kidole chake, ile yenye masizi hapo pembeni.

Ni mimi mdogo wako niliye mbali,
Mwamini, mama Feza

Mama, swali lako la nne. Huku wanapiga wimbo wako. Ng'ambo nzima ya mto wanaujua, na hakuna anayeruka pale unapokohoa. Ukoko wa leo wape watoto.